Kiti cha Mgeni wa Songea

Wiki ile tuliyoambiwa kuwa mkubwa kutoka Songea anakuja Mbinga, hakuna aliyeuliza anakuja kufanya nini. Hilo tulilijua. Swali lililomkosesha raha mkuu wa ofisi yetu lilikuwa jingine kabisa: atakaa wapi?

Msomaji wa leo atacheka, na mimi mwenyewe nilicheka mwanzoni. Nilikuwa binti wa Kondoa, mpiga chapa, niliyepelekwa kusini na kazi pamoja na sanduku langu la bati. Kwetu mgeni hukaa palipo na nafasi. Lakini ofisi za serikali zina mila nyingi kuliko kabila lolote nililowahi kuishi nalo. Mkubwa akiingia ofisini kwako, kiti chako ni chake. Unatoka nyuma ya meza, unampisha, kisha unakwenda kukaa upande ule wanakokaa wenye shida, ndani ya chumba chako mwenyewe. Sijui nani aliiweka sheria hiyo. Ninachojua ni kwamba sijapata kumwona mtu aliyeivunja.

Sasa kiti cha mkuu wetu kilikuwa aibu tupu. Tulikirithi kutoka kwa Waingereza, mguu mmoja ukiwa umefungwa kwa waya, na kila mkuu alipokohoa, unga wa mbao iliyoliwa na wadudu ulimwagika sakafuni. Yeye alikuwa amekizoea. Alikaa upandeupande, uzito wote kushoto, na hivyo ndivyo alivyopokea watu na kusaini karatasi. Mgeni asingejua. Mgeni angekaa katikati, kwa kujitupa, kama wanavyokaa wakubwa.

"Akianguka ofisini kwangu," mkuu aliniambia, "nimeanguka mimi."

Alikuwa mtu mwema. Nalisema mapema kwa sababu nikiendelea nitamkasirikia na huenda nikasahau kulisema. Alitoka Kigoma, Mwislamu mwenzangu, mtu mzima wa umri wa baba yangu, mpole hata kwa mbuzi waliokula maua ya ofisi. Upole huo ulinikera. Mimi ni mtu wa kusema jambo likiwa bado la moto, na yeye alikuwa mtu wa kuliacha lipoe, alifunike, alizunguke, kisha alisogelee kwa nyuma.

Na safari hii alikuwa na jambo kweli. Lilikuwa la tarishi wetu.

Tarishi alikuwa mwanamume wa makamo, Mnyasa, mzaliwa wa kijiji kimoja cha pwani ya ziwa, mbele kidogo ya Mbamba Bay. Alifagia ofisi, alibeba mafaili, alichemsha chai, na kila alipotoka kwao aliniletea usipa, dagaa wa ziwa lile, waliokaushwa, wamefungwa kwenye gazeti. Mimi nilimwamkia shikamoo, kaka, naye aliniita dada. Mke wake alikuwa amefariki. Aliyebaki kule nyumbani ni mama yake.

Mama huyo alikuwa mgonjwa wa kifua. Kilikuwa kimejaa maji. Hakuweza kulala kama watu wanavyolala. Akilazwa chali alisema, nazama, na kweli midomo ilikuwa inabadilika rangi. Kwa hiyo alikaa. Alikaa mchana na usiku, juu ya kitanda cha kamba, mgongo ukiwa umeegemezwa magunia yaliyojazwa maganda ya mpunga, uso kuelekea mlangoni. Mwanawe ndiye aliyeyashona magunia hayo na kuyapanga hadi yakampata sawasawa. Mganga wa zahanati alikuwa amesema mambo mawili tu: asilazwe, na asitikiswe.

Na kijiji chake kilikuwa kinahamishwa. Miaka ile watu walikuwa wanakusanywa wakae pamoja, na sehemu nyingine jambo hilo lilikwenda vizuri, watu wakajenga kwanza na kuhama baadaye. Hiki kilichelewa. Nyumba zilikuwa zimetawanyika kando ya maji, kila ukoo na ufukwe wake, na mahali pa kuhamia palikuwa juu kwenye barabara, mbali na mitumbwi, ambako hata miti ya kujengea ilikuwa haijakatwa. Mvua zilikuwa zimeanza. Ilisemekana malori yatakuja na yule mkubwa, na kwamba mapaa yataezuliwa siku hiyohiyo ili mtu asiingiwe na tamaa ya kurudi.

Tarishi hakuomba kijiji kiachwe. Aliomba nyumba moja. Alisimama mbele ya meza ya mkuu, mikono nyuma, akasema, "Mzee, naomba mama yangu aachwe alipo mpaka mvua zikatike. Au mpaka Mungu aamue. Mimi nitakuja kumhamisha mwenyewe, kwa mgongo wangu."

Mkuu aliinua macho yakiwa yamelowa. "Nitamwomba mkubwa mwenyewe," alisema. "Kwa mdomo wangu. Karatasi haifai hapa. Karatasi ikienda Songea itarudi tumeshachoka kungoja."

Tarishi alipotoka, nilisema kwa nini asimwambie mara tu anaposhuka garini. Mkuu alinitazama kwa huruma, kana kwamba sikulelewa.

"Binti, mkubwa haombwi akiwa amesimama. Hata mjomba wako humwombi hivyo. Anakaribishwa. Anakaa. Anapumzika, anakunywa chai, mnaulizana habari za watoto. Akishacheka walau mara moja, hapo unalitoa jambo lako taratibu. Ukimvamia mlangoni na shida, amekwisha kukataa kabla hujamaliza."

Siwezi kusema alikosea. Ndivyo tulivyolelewa, yeye Kigoma na mimi Kondoa na tarishi kule ziwani. Kwetu mtu akiulizwa habari hujibu nzuri, halafu baada ya maji ya kunywa ndipo anasema nyumba imeungua. Kwa hiyo hesabu ilikuwa hivi: ili mama yule abaki kwake, mgeni lazima akae, na akae vizuri, na akae muda mrefu. Hapo nikaacha kucheka.

Tukaanza kuchagua kiti.

Cha kwanza kilikuwa benchi la barazani, lile walilokalia wakulima wa kahawa wakisubiri zamu. Lilikuwa imara. Na kisiasa lilikuwa safi: kiongozi kukaa walipokaa wananchi, nani angelalamika? Mkuu alilizunguka, akalipapasa, akatikisa kichwa. "Atasema nimemdharau. Atakaa kidogo kwa ajili ya kuonekana, halafu atasimama aondoke."

Cha pili kilikuwa misheni. Mapadri walikuwa na kiti cha mninga, kirefu mgongo, kizito, kimechongwa na mafundi wao, na walikuwa tayari kutuazima. Tulikwenda kukiona. Juu ya egemeo, palepale kichwa cha mtu kinapofika, palikuwa na msalaba. Mkuu alishukuru sana, akaniambia njiani, "Mimi Mwislamu nimkalishe mgeni wa serikali chini ya msalaba? Kama ni Mwislamu atashangaa. Kama ni Mkristo atadhani anatakiwa kuungamisha watu."

Cha tatu kilikuwa stoo, na hakuna aliyetaka kukitaja.

Kilikuwa ndani ya kasha la mbao. Aliyekiagiza ni mkuu aliyetangulia, ambaye alihamishwa kabla hakijafika. Kilikuja na meli hadi Mbamba Bay, kikapandishwa mlimani juu ya lori la samaki, na tangu siku hiyo stoo yetu ilinuka usipa. Tulijua ni kiti cha kuzunguka. Katika viti vya serikali kila mtu alikuwa na ngazi yake: karani kisicho na mikono, ofisa chenye mikono, mkuu chenye mikono na mto. Cha kuzunguka kilikuwa cha watu ambao sisi tuliwasikia redioni. Na zama zile mtu aliyeonekana anapenda makubwa aliitwa bwanyenye mbele ya mkutano, na wengine hawakuinuka tena.

"Azimio linasemaje kuhusu viti?" mkuu aliniuliza, sauti ya chini.

"Halisemi chochote kuhusu viti, mzee."

"Ndiyo maana naogopa."

Tulisimama mlangoni mwa stoo, ukungu wa milima ya Umatengo ukiingia nyuma yetu, kila mmoja akilitazama kasha. Niliona wazi kuwa mkuu angeweza kusimama pale mpaka mgeni afike. Tarishi ndiye aliyesema, bila kumtazama yeyote, "Mimi ningechagua kile atakachokalia muda mrefu."

Akaenda kuchukua tindo.

Kiti kilikuwa vipande vitupu. Tulivitandaza barazani juu ya gunia: miguu minne ya chuma, vigurudumu vilivyopakwa grisi na kufungwa kwenye karatasi, mtaimbo mnene wenye nyuzi za parafujo, springi, bao la kukalia lenye mto mweusi, egemeo, mikono miwili, na mfuko wa nati na bolti. Karatasi ya maelekezo ilikuwepo. Maandishi yake hayakuwa Kiswahili wala Kiingereza, na michoro ilikuwa imelowa maji ya samaki hata hukujua mguu ni upi na mkono ni upi. Tarishi alikwenda kuazima spana kwa fundi wa mashine ya kahawa. Ilikuwa kubwa mno, kwa hiyo tulizungushia nati kitambaa ili ishike.

Tuliunda kiti hicho mchana mzima. Nilishika, tarishi akakaza, mkuu akapita huku na huku akishauri mambo yasiyosaidia. Egemeo tulilifunga kinyume, likatazama nje, tukafungua. Gurudumu moja lilikataa kuingia, tarishi akaliweka mdomoni, akalilamba grisi iliyoganda, akalipiga kwa ngumi, likaingia. Sijapata kumwona mtu akikaza nati kwa namna ile. Alikaza mpaka mishipa ya shingo ikasimama, kisha akairudia, kisha akarudi kuigusa tena baada ya kufunga nyingine. Nilijua kila nati aliyoikaza alikuwa anamfungia mama yake mlango, na nilitamani sana kumwambia kuwa itatosha, lakini nilikuwa sijui kama itatosha.

Tulipomaliza, nati moja ilibaki kwenye mfuko.

Tulitazamana. Mkuu alisema labda ni ya akiba. Tarishi alikaa chini, akafungua kiti chote, kipande kwa kipande, akaanza upya. Wakulima waliopita barabarani walisimama kumtazama. Akamaliza jua likiwa limeelekea kuzama, na nati ikabaki tena, ileile. Hakuna tundu lililokuwa linaililia.

"Kaa, dada," aliniambia. "Wewe ndiye mwenye kujua kukaa."

Nikakaa. Mgongo wangu, uliochoshwa na kigoda cha mpiga chapa mwaka mzima, ulipokelewa vizuri mno hata machozi yakanilenga. Nikazunguka, na kadiri nilivyozunguka kiti kilipanda, kikilia kama kinda la ndege, mpaka miguu ikaacha sakafu. Hapo hofu ikaniingia bila sababu ninayoweza kuieleza. Nilikuwa juu, sigusi chini, na wanaume wawili wakinitazama kama nitaanguka. Nikaomba wanishushe.

Mgeni alikuja kesho yake asubuhi.

Ukungu ulikuwa mzito, tukasikia kabla hatujaona. Kwanza Landrova. Halafu, nyuma yake, malori. Lori tupu lina sauti yake, minyororo ya mlango wa nyuma inagonga na bodi inatetemeka, na barabara nzima ya kutokea Kitai ilikuwa imejaa sauti hiyo. Yalisimama mfululizo mbele ya ofisi, injini zikiunguruma, madereva hawakushuka. Tarishi alikuwa uani kwenye jiko, akichemsha chai. Mimi na mkuu tulikuwa mlangoni.

Mkubwa alishuka. Hakuwa mtu wa kutisha. Alikuwa mfupi, koti limekunjamana, uso wa mtu aliyechoka na barabara. Alimpa mkuu mkono.

"Habari za hapa, ndugu?"

"Nzuri, mheshimiwa."

"Watu wa ziwani wako tayari? Hakuna tatizo lolote?"

"Hakuna tatizo, mheshimiwa. Karibu ndani kwanza, umechoka na safari."

Nilisikia kila neno. Mkuu aliyasema kwa mkono wa kulia ukiwa umeshikwa na wa kushoto, mgongo umeinama kidogo, uso umejaa tabasamu la makaribisho. Hata kama ungemwuliza wakati huo kama ana kichwa, angekujibu kwanza karibu ndani. Mgeni aliitikia, akageuka, akainua mkono kwa dereva wa lori la mbele. Mkuu hakuona. Alikuwa amekwisha kutangulia ndani kumwonyesha njia, mawazo yake yote yapo kwenye kiti.

Lori la mbele liliondoka. Likafuata la pili. Hayakugeuza kuelekea kwenye maghala ya kahawa, palipokuwa na nafasi ya kuegesha. Yalishika barabara ya Mbamba Bay.

Nilimkimbilia mkuu koridoni, nikamshika mkono wa shati, jambo ambalo sikuwahi kulifanya. "Mzee, magari."

"Baadaye, binti," alisema, bado anatabasamu. "Mgeni hajakaa."

Mgeni alipokiona kiti alisimama. Mkuu aliacha kupumua, nilimwona. Ilikuwa ndiyo saa ya kuitwa bwanyenye. Lakini mgeni alipitisha kidole juu ya mto mweusi, akazunguka meza, akajitupa katikati, kama tulivyojua atajitupa. Kiti kililia. Hakikuvunjika. Nati zote zilishika. Mkuu alikaa upande wa wenye shida, na mimi nikakaa kwenye kona na mashine yangu.

Tarishi aliingia na birika, akamimina, akarudi nyuma mpaka mlangoni. Kwa desturi alitakiwa kutoka. Hakutoka. Alisimama na birika mkononi, likifuka moshi, macho yake yakitoka kwa mkuu kwenda kwa mgeni.

Wakazungumza. Mvua. Bei ya kahawa. Barabara imeharibika wapi. Watoto wa mgeni wanasoma wapi, wa mkuu wanasoma wapi. Mgeni aligeuza kiti akaangalia dirishani, na kwa muda mrefu mkuu aliliambia egemeo jeusi habari za ndizi za Kigoma. Mimi nilikuwa nasikia malori ambayo hayakuwepo tena. Nilitaka kupiga kelele. Nilichukia chai, nilichukia ndizi, nilichukia adabu yote ya nchi hii tangu Kigoma mpaka ziwani. Nikamkazia mkuu macho, naye akanipa ishara ndogo kwa kiganja: taratibu.

Mgeni aliomba kikombe cha pili. Akazunguka, kiti kikapanda, miguu yake mifupi ikaning'inia, naye akacheka kwa sauti, kicheko cha kweli cha mtu asiye na ubaya. Mkuu alicheka pia. Kisha akaweka kikombe chini, akasogea ukingoni mwa kiti chake, akaanza.

Alisema vizuri. Mimi nilikuwapo, nami nashuhudia kuwa hakuna mtu ambaye angeweza kuomba vizuri zaidi. Alimtaja mama, kifua, magunia ya maganda, maneno ya mganga. Aliomba nyumba moja, mpaka mvua zikatike.

Mgeni aligeuza kiti akamtazama. Kicheko kilikuwa kimemtoka.

"Lakini, ndugu, nilikuuliza pale nje."

"Ndiyo, mheshimiwa."

"Ukasema hakuna tatizo."

"Nilikuwa... nilikuwa nakukaribisha kwanza, mheshimiwa."

"Nimeyaruhusu magari palepale. Ungeniambia pale ningemwambia dereva, nyumba fulani iacheni. Lilikuwa neno dogo tu." Alisema kwa masikitiko, si kwa ukali, na mpaka leo ningependa angesema kwa ukali.

"Landrova yako ina mbio," mkuu alisema. "Inaweza kuyawahi kabla ya mteremko."

Mgeni alifikiri, sitamsingizia, alifikiri kweli. Kisha akatikisa kichwa. "Nikiwarudisha sasa kwa nyumba moja, kesho kila nyumba itakuwa na mgonjwa. Watasema amri yetu inarudi nyuma. Maji yakimwagika hayazoleki, ndugu yangu." Akasogeza kikombe aongezewe chai.

Birika lilikuwa chini mlangoni, bado linafuka. Tarishi hakuwepo.

Nilitoka bila kuomba ruhusa. Nilimwona mbali, kwenye barabara ya ziwani, anakimbia ndani ya ukungu, kanzu ya kazi imeshikiliwa mkononi. Mtu wa makamo, safari ya kutwa nzima kwa gari, anakimbia. Nilimwita, hakugeuka. Baadaye nilisikia lori moja la samaki lilimchukua njiani.

Wiki zilipita. Mvua ilinyesha hata mashimo ya ngolo, yale wanayochimba wakulima mashambani mwao kwenye milima, yakawa yanameta maji mchana kutwa, na barabara ya kushuka ziwani ikakatika, ikatengenezwa, ikakatika tena. Mkuu aliacha kukaa kwenye kiti kipya. Alikisogeza kando ya ukuta na kurudi kwenye kile cha waya. Kila asubuhi aliniuliza kama kuna habari za tarishi, nami nilijibu hakuna, na safari hiyo ilikuwa kweli.

Alirudi asubuhi moja, matope hadi magotini, amekonda. Nilikuwa peke yangu barazani.

"Shikamoo, kaka. Pole na safari."

"Marahaba, dada. Nimeshapoa."

"Habari za huko?"

"Nzuri."

Nilimpa maji. Alikaa kwenye benchi la wakulima, akanywa yote, akanirudishia kikombe kwa mikono miwili. Ndipo akasema, "Tulimzika siku ya pili baada ya malori."

Alinieleza kwa utulivu, na alisisitiza jambo moja ambalo lilinishinda kulibeba: hakuna aliyekuwa mkorofi. Vijana wa kupakia mizigo waliingia ndani kwa heshima, wakavua kofia. Wakasema, "Shikamoo, bibi. Hujambo?" Naye mama akawajibu kutoka kwenye magunia yake, "Marahaba, wajukuu zangu. Sijambo." Kwa hiyo hawakujua. Waliona bibi mzee amechoka, na mvua inanyesha, na safari ni ya milima. Wakaona vibaya kumsafirisha amekaa. Wakampeleka garini juu ya kitanda chake, wakayatoa yale magunia ili apate nafasi ya kunyooka, wakamlaza chali vizuri, wakamfunika turubai asilowe. Majirani waliokuwa wanajua walikuwa kwenye lori jingine.

"Mimi nilifika wameshapanda naye kule juu," alisema.

Nilitaka kumshika mkono na sikuthubutu. Ndipo mlango ukafunguka, mkuu akatokea, na alipomwona tarishi uso wake ulifunguka wote.

"Umerudi! Habari za ziwani? Mama yetu anaendeleaje?"

Tarishi alisimama. Aliweka mikono nyuma.

"Salama, mzee," alisema.

"Alhamdulillahi!" Mkuu alifumba macho. Niliona mabega yake yakishuka, mzigo wa wiki zote zile ukimtoka. "Alhamdulillahi. Mungu ni mwema. Nilikuwa silali, bwana, silali kabisa." Akampiga tarishi begani mara mbili, akarudi ndani, akaacha mlango wazi.

Niliinuka. Ningeingia mle ndani nikamwambia papo hapo, kwa sauti ambayo Mbinga nzima ingesikia, na nilikuwa nimekwisha kufika mlangoni tarishi alipoweka mkono wake mbele yangu.

"Mwache anywe chai kwanza, dada."

Akaenda uani. Aliwasha jiko, akasuuza kikombe cha mkuu, akakifuta kwa upindo wa shati lake safi la ndani, kisha akachuchumaa kando ya birika kungoja maji yachemke. Kutoka ofisini tulimsikia mkuu akiimba peke yake, polepole, wimbo wa kwao.